Rivyu: jedwali la BLS la U-1 mpaka U-6 kwa majimbo, limepimwa na mbeba boksi wa Texas

Wadau habari zenu, leo narivyu kitu cha bure ambacho wengi wetu huku hatukigusi kabisa, na waliowahi kukisikia wanadhani ni mambo ya maprofesa. Ni lile jedwali la vipimo vya ukosefu wa ajira kwa kila jimbo la Marekani, linatolewa na BLS, yaani Ofisi ya Takwimu za Kazi ya serikali kuu. Mimi nipo Houston, na jedwali hili nalifungua kila ndugu au jamaa akinipigia simu kuuliza eti nasikia jimbo fulani kazi nje nje, nihamie? Mwenye haraka achukue hukumu yangu hapa hapa aende zake: nyota 3 na nusu kati ya 5. Kwa kuonyesha kama watu wa jimbo fulani wanapata masaa ya kutosha, hakuna kitu cha bure kinachoifikia. Kwa kuonyesha kama watu wanafanya kazi waliyosomea, ni sifuri, haioni kitu, na hiyo ndo nusu nyingine ya stori yetu sisi wa huku.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Ile nambari inayotangazwa kwenye tivii kila mwezi, eti ukosefu wa ajira asilimia 4 na kitu, inaitwa U-3. Ili uhesabiwe huna kazi kwenye U-3 lazima wiki ile usiwe umefanya kazi hata ya saa moja ya malipo, uwe tayari kuanza kazi, na uwe umetafuta kazi kwa vitendo ndani ya wiki 4 zilizopita (aliyesimamishwa kwa muda akiwa anasubiri kuitwa tena kazini kwake yeye anaingia hata kama hajatafuta). Kwa vitendo maana yake umetuma maombi, umeenda ejensi, umempigia bosi fulani, au umeuliza marafiki na ndugu wakuunganishe. Naam, kupigia washkaji simu kuomba mchongo kunahesabika kabisa kama kutafuta kazi. Ila kukaa kitandani unaperuzi matangazo ya kazi halafu hutumi kitu hakuhesabiki, huyo wanamweka nje ya nguvu kazi kabisa (nguvu kazi ni wenye kazi pamoja na wanaohesabiwa hawana kazi), kwenye kundi moja na bibi aliyestaafu.

Sasa hilo jedwali lina safu 6. U-1 ni wale waliokaa bila kazi wiki 15 au zaidi, ni kundi dogo la watu waliokwama kweli. U-2 ni waliopoteza kazi pamoja na waliomaliza vibarua vya muda. U-3 nishaisema. U-4 inachukua U-3 na kuongeza waliokata tamaa, yaani mtu anataka kazi, yuko tayari, alitafuta ndani ya mwaka uliopita ila wiki hizi 4 hajatafuta kwa sababu anaona hakuna kazi ya mtu kama yeye, au hana shule ya kutosha, au anaamini waajiri wanambagua kwa umri au kwa kitu kingine. U-5 inaongeza wengine wanaofanana na hao ila sababu yao ya kuacha kutafuta ni nyingine, mtoto, shule, ugonjwa, au usafiri. Na U-6 ndo babu kubwa, inabeba hao wote halafu inaongeza watu wanaofanya pati taimu kwa sababu ful taimu haipatikani au masaa yamekatwa kazini, na ful taimu kwao ni masaa 35 kwa wiki na kuendelea.

Nakupa hesabu ya mfano uone inavyokwenda, hii ni ya kutunga, sio ya jimbo lolote. Tuseme nguvu kazi ni watu 1,000, kati yao 40 hawana kazi. U-3 ni asilimia 4.0. Halafu pembeni kuna watu 10 wanaotaka kazi ila hawajatafuta mwezi huu, 3 kati yao ni wale waliokata tamaa. U-4 inakuwa 43 gawanya kwa 1,003 (wanaoongezwa juu wanaongezwa na chini), kama 4.3. U-5 ni 50 gawanya kwa 1,010, karibu 5.0. Ongeza watu 30 wa pati taimu ya kulazimishwa na hali, unapata 80 kwa 1,010, U-6 ni 7.9. Umeona? Jimbo lile lile, wiki ile ile, na nambari imekaribia kujizidisha mara mbili bila mtu yeyote kudanganya. Na hiyo ndo tabia yake hata kwenye nambari halisi, miaka ya kawaida U-6 inacheza karibu na mara mbili ya U-3.

Halafu angalia mruko mkubwa uko wapi. Kutoka 4.0 mpaka 5.0 ni waliokata tamaa na wenzao, kutoka 5.0 mpaka 7.9 ni masaa. Watu wakisikia "kipimo kipana" wanawaza waliokata tamaa tu wamelala ndani, kumbe mara nyingi mzigo mkubwa uko kwa watu ambao wanaamka alfajiri wanaenda kazini, ila wanapewa shifti mbili kwa wiki.

Kiukweli hapo ndo jedwali linapopata nyota zake kwangu. Chukua nyumba yetu ya kawaida ya huku, apatimenti ya vyumba viwili kusini magharibi ya Houston, wabongo wanne wanagawana renti. Wiki inayoulizwa kwenye mahojiano ni ile yenye tarehe 12 ya mwezi. Wa kwanza anafanya kupitia ejensi, wiki hiyo wamempigia siku moja tu kaenda waehausi kapakua kontena masaa 6 karudi, siku nyingine zote simu iko kimya anaigeuzageuza kama itaita. Huyo kwa U-3 ni mwajiriwa safi, hana tatizo, tivii inamhesabu upande wa walioshiba. Kwa U-6 anaonekana, kwa sababu akiulizwa ungependa ful taimu anasema ndio, akiulizwa kwa nini hufanyi anasema kazi haipo. Wa pili kapunguzwa kazi miezi mitano iliyopita na anaaplai kila siku, huyo yuko kwenye kila safu kuanzia U-1. Wa tatu alitafuta weee, miezi miwili iliyopita gari likamfia, na Houston bila gari unaijua, waehausi ziko huko nje ya mji basi halifiki, kaacha kutafuta kwanza mpaka apate usafiri. Huyo haonekani U-3, haonekani U-4, anatokea U-5. Wa nne ana digrii ya uhandisi ya UDSM, anasukuma pallet masaa 40 kwa wiki na usiku anaendesha Uber. Huyo haonekani popote. Safu zote 6 zinampita. Kwa macho ya jedwali huyo ndo mtu aliyefanikiwa kuliko wote kwenye ile nyumba, na ajabu yake ni kwamba kwa bili za mwezi ni kweli, ndo yeye anayewakopesha wenzake.

Kwa hiyo usije ukasoma U-6 ukadhani imemaliza kila kitu. Wapo watu wanaiita "ukosefu wa ajira wa kweli", mimi neno hilo silitumii. Ni kipimo cha masaa na cha nia ya kufanya kazi, basi. Elimu haimo, mshahara haumo. Mwenye kazi mbili za hovyo anahesabiwa mtu mmoja mwenye kazi, na wakijumlisha masaa ya kazi zote mbili yakifika 35 basi yeye ni ful taimu. Nesi aliyesajiliwa kwao Tanzania anayeogesha wazee huku kwa sababu leseni yake haijatambuliwa ni ful taimu. Migration Policy Institute, taasisi ya utafiti wa mambo ya uhamiaji, walishawahi kukadiria kwamba wahamiaji karibu milioni 2 wenye digrii Marekani ama hawana kazi ama wanafanya kazi zisizohitaji digrii hata kidogo. Ndani ya jedwali la BLS wale wenye kazi wote wamejichanganya na wenye kazi wengine, huwezi kuwatoa.

Kitu kingine kinachonikera, na hiki kinawauma zaidi akina mama. Pati taimu ya "sababu za kiuchumi" ndo inayoingia U-6. Sasa mama anayefanya masaa 20 kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, na bei za malezi huku mnazijua, yeye sababu yake inawekwa kwenye fungu la mambo ya kifamilia, sio uchumi. Yaani kushindwa kulipia dei kea sio uchumi! Basi hata angetaka masaa 40 kwa roho yake yote, U-6 haimgusi.

Na vimbunga je. Sisi wa Houston hili tunalo moyoni. Beryl ilipiga pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024, na wiki iliyoulizwa kwenye mahojiano ya mwezi ule ilikuwa tarehe 7 mpaka 13, yaani pwaa katikati. Wateja zaidi ya milioni 2 hawana umeme, mahoteli yamefungwa, waehausi giza, vibarua vya malipo kwa siku hakuna. Unadhani hao wote walihesabiwa hawana kazi? Hapana. Mtu mwenye kazi ambaye hakwenda kwa sababu ya hali ya hewa anahesabika ameajiriwa, awe amelipwa au hajalipwa. Mwezi ule nchi nzima BLS ilihesabu watu 436,000 wenye kazi ambao hawakwenda kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Na aliyezoea ful taimu ambaye wiki hiyo masaa yalikatika kwa ajili ya kimbunga, naye haingii kwenye ile pati taimu ya kiuchumi. Sisemi wamekosea, wanapima soko la kazi na sio mvua, naelewa. Ila kibarua aliyekosa hela ya wiki nzima hana habari na hiyo falsafa.

Turudi kwenye bidhaa. Data zinatoka kwenye utafiti wa kaya unaofanywa na Idara ya Sensa kwa niaba ya BLS, kama kaya 60,000 nchi nzima kila mwezi. Kaya ikichaguliwa inahojiwa miezi 4 mfululizo, inapumzishwa miezi 8, inarudiwa miezi 4 tena. Kwa kawaida mara ya kwanza mtu anakuja mlangoni, zinazofuata mara nyingi ni simu. Watu wengi huku wanaamini ile nambari inatokana na wanaochukua hela za serikali za ukosefu wa kazi, sio kweli, hizo ni hesabu nyingine kabisa. Unaweza ukawa hujawahi kuomba hata senti na bado ukahesabiwa, na unaweza ukawa hela zako zimekwisha muda na bado ukahesabiwa. Wanauliza umezaliwa nchi gani na kama ni raia, kibali cha kuishi hawaulizi, na majibu yanalindwa na sheria ya Sensa. Nasema hivyo kwa sababu najua wabongo, mtu akigonga hodi ana kitambulisho shingoni taa zinazimwa sebuleni na watu wanapumua kwa zamu. Na sio sisi tu, Wamarekani wenyewe wamechoka kujibu, miaka ya karibuni wanaokubali kuhojiwa wameshuka chini ya asilimia 70, na hilo kwangu ni doa, kwa sababu waliojificha hawafanani na waliojibu.

Halafu kuna hili ambalo hata waandishi wa habari hawalisemi. Mara nyingi mtu mmoja anajibu kwa niaba ya nyumba nzima. Sasa nirudishe pale kwenye apatimenti ya wanne. Anayekuwepo nyumbani mchana simu inapoita ni nani? Ndo yule asiye na shifti. Anaulizwa kuhusu wenzake, fulani alifanya masaa mangapi wiki iliyopita, angependa ful taimu, kwa nini hafanyi. Hivi wewe unajua mwenzako wa chumba cha pili kafanya masaa mangapi? Unajua anatoka na jaketi anarudi na jaketi. Utasema "anafanya kazi", imekwisha, na ule ukweli kwamba alirudishwa kwa sababu mzigo haujafika unapotea hapo hapo. Kwa familia ya baba na mama inaweza kwenda vizuri, kwa nyumba za kugawana renti nina mashaka makubwa na ile tofauti ya U-3 na U-6, nadhani iko chini ya uhalisia. Hayo ni maoni yangu mimi.

Kwa jimbo moja moja sampuli inakuwa ndogo, ndo maana nambari za jedwali hili ni wastani wa robo nne za mwaka, yaani miezi 12 imechanganywa pamoja, na linasogezwa kila robo. Zinaanzia 2003. Faida yake ni kwamba nambari haziruki ruki kama panzi, hasara yake ni kwamba linachelewa kushtuka na linachelewa kupona. Aprili 2020 Las Vegas ilipofungwa makasino, ukosefu wa ajira wa Nevada kwa mwezi ule ulikaribia asilimia 30, hakuna jimbo lililowahi kuonekana hivyo kwenye hizi takwimu. Kwenye jedwali la wastani wa mwaka ule mlima umelainishwa unaonekana kilima. Kitaifa mwezi ule U-6 ilifika karibu asilimia 23, na Texas U-3 yake ilikuwa karibu 13. Kwa hiyo ukitaka kujua wiki hii hali ikoje, jedwali hili silo, utakuwa unasoma habari ya mwaka uliopita. Ukitaka kujua tabia ya jimbo, hapo sawa.

Na tabia zinaonekana kweli. Fungua 2010. Nevada na California U-6 zimepita asilimia 20, mtu mmoja kati ya watano wa nguvu kazi amekwama kwa namna moja au nyingine, California kwa ujenzi na nyumba, Nevada kwa ujenzi pamoja na watalii kukata. Geukia North Dakota mwaka huo huo, iko chini kabisa ya orodha kwa sababu ya mafuta ya shale, watu walikuwa wanalala kwenye magari kwa kukosa nyumba na sio kazi. Nchi moja, rais mmoja, sarafu moja. Ndo maana mtu akiniambia "Marekani kazi zipo" au "Marekani kazi hamna" namuuliza Marekani ipi?

Tahadhari kwa wanaochanganya nambari: U-3 ya kwenye jedwali hili haitalingana na ile rasmi ya jimbo inayotangazwa kila mwezi, kwa Texas ile inayotangazwa na Texas Workforce Commission, ofisi ya kazi ya jimbo. Ile ya mwezi inapikwa kwa modeli inayochanganya utafiti wa kaya na data nyingine, hii ya jedwali inatoka kwenye utafiti wa kaya moja kwa moja. Ukiona moja inasema hivi na nyingine inatofautiana kidogo usianze kupiga kelele za njama. Na usilinganishe U-6 ya jedwali na U-3 ya Texas Workforce Commission, linganisha safu za jedwali zenyewe kwa zenyewe. Tofauti ya 0.2 au 0.3 kati ya jimbo na jimbo usiipe uzito, sampuli haibebi hiyo.

Kubwa ninalowalaumu ni jiji. Texas ina kaunti 254, Houston na El Paso na yale mashamba ya magharibi huko yote yametiwa kwenye nambari moja. Waliopewa safu zao peke yao ni kaunti ya Los Angeles na jiji la New York. Sisi wengine tujibanze kwenye wastani wa jimbo. Mtu anaponiuliza Houston au Dallas, jedwali haliwezi kumsaidia, namwambia apige simu aulize watu wanapata shifti ngapi.

Historia kidogo kwa wanaodhani haya ni mambo ya juzi. Mwaka 1976 kamishna wa BLS wa wakati huo, Julius Shiskin, ndo alitoa ngazi ya vipimo U-1 mpaka U-7, akiwa amechoka na ugomvi wa kila mtu kutaka nambari yake. Utafiti ukafumuliwa 1994, ngazi mpya ya U-1 mpaka U-6 ikaanza kutoka 1996. Kwenye huo ufumuaji ndo waliweka sharti kwamba aliyekata tamaa lazima awe ametafuta ndani ya mwaka uliopita, zamani hilo halikuwepo. Maana yake aliyekata tamaa mwaka na nusu uliopita hayumo hata kwenye U-6. Kakata tamaa mpaka na takwimu zimemkatia yeye.

Kuhusu uaminifu, maana najua mtauliza. Agosti 2025 Trump alimfukuza kamishna wa BLS, Erika McEntarfer, baada ya ripoti ya ajira yenye marekebisho makubwa. Yale marekebisho yalikuwa ya utafiti wa waajiri, ule wa kuhesabu ajira zilizopo kwenye makampuni, na jedwali hili linatoka kwenye utafiti wa kaya, ni vitu viwili tofauti. Kilichogusa utafiti wa kaya ni kile kipindi serikali ilifungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 mpaka katikati ya Novemba. Mahojiano ya Oktoba hayakufanyika, na ukosefu wa ajira wa mwezi ule haujulikani na hautajulikana, kuna tundu kwenye mfululizo. Sijawahi kupunguza nyota kwa sababu ya siasa, ila hilo tundu lipo, ukisoma nambari zinazogusa mwisho wa 2025 likumbuke.

Na wale wa nyumbani mnaolinganisha, Bongo utafiti wa nguvu kazi wa 2020/21 ulitoa asilimia 9, mtu anaona Marekani 4 na kitu anasema aah kumbe hatujaachana mbali. Tulia. Tafsiri ya kitaifa ya Tanzania ni pana kuliko U-3, inamchukua hata asiyetafuta ila yuko tayari, kwa hiyo kama unataka kulinganisha angalau sogea kwenye safu za mbele za jedwali, na hata hapo mkulima wa jembe la mkono na machinga wanahesabika wana kazi. Sio mezani pamoja hizo.

Jinsi mimi ninavyolisoma, kama linakufaa chukua. Naanza na pengo la U-5 na U-6, siangalii U-3 kwanza. Majimbo mawili yenye U-3 sawa, moja lina pengo la pointi 2 na lingine pointi 4, hilo la pili najua utapata kazi ila utaishi kwa kusubiri simu, na hapo usihamie bila akiba ya renti ya miezi kadhaa. Halafu naangalia U-1, ikiwa juu maana yake ukidondoka huko kuinuka ni shughuli. Halafu narudi miaka ya nyuma, 2009 mpaka 2011, naona jimbo likipigwa linapigwaje, maana anayehama na familia anahama kwa miaka na sio kwa robo mwaka. Juzi kuna kijana yuko na hamu ya kwenda jimbo moja la watalii kwa sababu binamu yake kamwambia hoteli zinaajiri mpaka mtu asiyejua Kiingereza. Zinaajiri kweli, nikamwonyesha safu ya mwisho ya jimbo lile kwa 2010. Akanyamaza, akauliza na Texas ilikuwaje mwaka huo. Nikamwambia ilikuwa chini sana ya hapo, akasema basi nipe wiki moja nifikirie. Mpaka sasa hajanipigia, nasikia keshanunua tiketi.

Kama kuna mdau humu nyumba yake iliwahi kuchaguliwa kwenye haya mahojiano ya Sensa naomba aseme, nataka sana kujua kama alijisemea mwenyewe au aliwajibia na wenzake wote wa ndani, na yale masaa yao aliyatoa wapi.